Mtoto, simu na bunduki ya mchezo: wazazi waamue nini likizo hii?

Tangu shule zilipofungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, swali moja limerudi mara nyingi kuliko mengine katika ziara zetu za nyumbani. Vijana hawaliulizi. Ni wamama wanaouliza, na mara nyingi mwishoni kabisa, tukiisha kuomba na tumesimama mlangoni: "Pasta, huyu mtoto anacheza mchezo wa kuuana katika simu tangu asubuhi. Nimukataze ao nimuache?" Mtoto mwenyewe ana miaka minane, saba, pengine sita.

Mwanzoni tulijibu haraka: kataza. Tulijibu vile baba zetu walivyojibu juu ya sinema, na juu ya muziki wa dunia kabla ya sinema. Jibu lile halikudumu hata juma moja. Mama mmoja wa parokia yetu alitueleza bila hasira kwamba yeye anatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi kwenda sokoni, binti yake mkubwa anakwenda kuchota maji, na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka ndiyo inayomshika mvulana ndani ya nyumba. Akimnyang'anya, mvulana anakwenda barabarani. Na barabara zetu tunazijua. Tangu vita vilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, watoto wameokota vitu ambavyo mtoto hapaswi kuvigusa: risasi, magazini, hata maguruneti yaliyotupwa mitaroni na waliokimbia. Mama yule amepima hatari mbili na kuchagua ile anayoiona kuwa ndogo. Mchungaji anayesimama mlangoni na kumwambia "kataza" bila kumwambia mtoto atakaa wapi, hajamsaidia.

Kwa hiyo tumeona vema kuliangalia jambo hili polepole, pamoja na ninyi wazazi.

Kwanza, wanacheza nini? Katika vyumba vya "play" vilivyojaa katika kila kartie, watoto wanalipa faranga chache kwa mechi, na wengi wanacheza mpira tu. Mchezo wa mpira hauna neno, isipokuwa pesa na saa zinazopotea. Lakini katika vyumba hivyohivyo kuna mchezo wa Grand Theft Auto, ambamo mchezaji anaiba magari na kupiga watu risasi njiani. Katika simu unaotawala ni Free Fire, uliotoka mwaka 2017, kwa sababu ni mwepesi na unakubali hata simu ya bei ndogo. Watu 50 wanashuka kwa parashuti kwenye kisiwa, kila mmoja anatafuta silaha, na wanauana kwa muda wa dakika kumi hivi. Mshindi ni yule anayebaki wa mwisho. Wakati wa mchezo mtoto anaweza kusemezana kwa sauti na watu wasiojulikana, na anashawishiwa kununua "almasi" kwa pesa za kweli ili askari wake avae vizuri.

Nchi zenye michezo hii zilianza kujiuliza zamani. Huko Marekani, baada ya makelele juu ya mchezo wa Mortal Kombat, watengenezaji wenyewe waliunda mwaka 1994 chombo cha kuandika umri kwenye kila boksi. Ulaya ilifuata mwaka 2003 na alama zake: miaka 3, 7, 12, 16 na 18. Grand Theft Auto ina alama ya 18. Kwetu mchezo hauji na boksi. Unatoka katika simu ya rafiki na kuingia katika simu nyingine, na hakuna anayeona alama yoyote. Mzazi ndiye alama.

Sasa, je, mchezo wa kuua unafanya mtoto kuwa muuaji? Hapa tuseme kweli, hata kama ukweli huo hauipendezi mimbari. Wataalamu wamebishana juu ya neno hili kwa miaka mingi. Shirika la wanasaikolojia wa Marekani lilitamka mwaka 2015 kwamba michezo hii inaongeza ukali wa tabia. Mwaka 2020 likafafanua: ukali huo ni mdogo, wa kufoka na kusukumana, na si haki kuitwika michezo mzigo wa mauaji. Watafiti wa Oxford walichunguza vijana wa Kiingereza wa miaka 14 na 15, na mwaka 2019 wakasema hawakuona uhusiano kati ya saa za mchezo na ugomvi wa vijana hao. Kwa hiyo mhubiri anayesema kwamba kila mtoto wa Free Fire atakuwa jambazi anasema kitu asichoweza kukionyesha, na kijana wa miaka 16 aliye kwenye benchi la nyuma anajua hivyo. Akituona tumetia chumvi katika hilo, hatatusikiliza katika lingine.

Lakini kuna uchunguzi mwingine wa mwaka uleule wa 2019, kutoka Marekani pia, ambao ulituamsha. Walichukua watoto 220 wa miaka 8 hadi 12. Wengine walicheza mchezo wenye bunduki, wengine wenye panga, wengine usio na silaha. Kisha wakawaweka wawiliwawili katika chumba chenye vitu vya kuchezea, na ndani ya kabati walificha bastola za kweli zilizoondolewa uwezo wa kupiga. Watoto wakazikuta. Kati ya wale waliocheza bila silaha, kama 44 kwa mia walizigusa. Kati ya wale waliocheza na bunduki, walikuwa karibu 62 kwa mia, na hao pia ndio waliovuta kifyatulio mara nyingi zaidi.

Tusome namba hizo tukiwa hapa. Kule bastola iliwekwa kabatini na watafiti. Hapa inaweza kuwa chini ya godoro la mpangaji, au guruneti katika mtaro nyuma ya shule. Swali letu si kama mtoto atakuwa mwuaji akiwa na miaka 20. Swali ni mkono wake wa leo: utafanya nini ukikutana na kitu cha chuma ambacho amekishika mara elfu katika simu na hakijawahi kumwumiza mtu? Katika simu aliyekufa anarudi baada ya dakika moja. Mtoto wa miaka 15 anajua tofauti. Mtoto wa miaka sita bado anaitafuta tofauti hiyo, na anaitafuta katika nchi ambamo mambo yote mawili yanafanana mno.

Na kuna jambo letu wenyewe. Wengi kati yetu tulio wazazi leo tulikuwa watoto mwaka 1996, wakati AFDL ilipopita katika miji yetu. Tunakumbuka kadogo. Baadhi yao walikuwa wenzetu wa darasa. Hawakufuata siasa, maana hawakuijua. Walifuata sare, mabuti, na ile heshima ambayo mtu mdogo anaipata ghafla akibeba bunduki. Baadaye Ituri ikapitia yaleyale, na hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwaka 2012, ilikuwa juu ya Thomas Lubanga kwa kosa la kuwaingiza watoto chini ya miaka 15 katika vita. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kabisa kumwandikisha aliye chini ya miaka 18. Hatusemi kwamba simu inaandikisha askari. Tunasema kwamba mtu anayetafuta watoto wa kuwapa bunduki angali yuko, si mbali, na hatupendi mtoto wetu awe amezoea kuiona bunduki kama kitu kizuri kabla mtu huyo hajafika.

(Neno la pembeni: katika mashine hizi mna tantali, ambayo inatoka katika koltani. Mwaka 2000 bei yake ilipopanda sana, watu wengi wa Kivu waliacha mashamba na kwenda kuchimba. Inawezekana kabisa kwamba mtoto wa Masisi anacheza vita ndani ya kipande cha mlima wa kwao.)

Ndugu mmoja katika mkutano wa wachungaji alitupinga, na neno lake lina uzito. Alisema watoto wetu wamecheza vita siku zote. Nenda katika kambi yoyote ya wakimbizi wa ndani: utaona bunduki za mti wa mgomba, vizuizi vya kamba, na wadogo wanaolazimishwa "kulipa" ili wapite. Mbona hatuwakatazi hao? Tulifikiri sana juu ya swali lake. Ni kweli kwamba mtoto anaucheza woga wake ili autoe, na hatungethubutu kumnyang'anya kipande chake cha mgomba. Lakini tazameni michezo hiyo miwili kwa karibu. Katika ule wa mgomba, watoto ndio wanaotunga sheria. Mmoja akilia kweli, vita vinasimama. Waliokufa wanafufuliwa kwa sababu wanahitajiwa upande wa pili, na jioni adui wanakula sahani moja. Katika ule wa simu, sheria imetungwa na mtu mwingine, mbali, anayepata faida. Hakuna kupatana, hakuna kusamehe, hakuna kitufe cha kumwinua aliyeanguka upande wa adui. Njia ya kushinda ni wengine wote kwisha.

Nabii Zekaria, katika sura ya nane, anapoonyesha Yerusalemu iliyorudishiwa amani, haonyeshi kwanza majeshi wala hazina. Anaonyesha wazee wameketi na fimbo zao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Aliwaambia hivyo watu waliorudi kutoka uhamishoni, wenye mji uliobomoka. Kwake, mchezo wa watoto barabarani ulikuwa kipimo cha kama Bwana amerudi kukaa kati ya watu wake. Basi mtoto aliyejifungia na simu kwa sababu barabara inaua, huyo naye ni kipimo, na lawama yake haiishii kwa mama yake.

Kabla ya kushauri, kuna jambo lingine la kuungama. Simu anayochezea mtoto ni ileile inayopokea ujumbe wetu wa WhatsApp. Katika miezi ya vita tumetumiana picha za maiti, vidio za watu wanaopigwa na kuchomwa, kwa kisingizio cha habari. Hata katika makundi ya wachungaji na ya wanakwaya zimepita. Mtoto anazifungua akitafuta mchezo wake. Kama tunaogopa damu ya kuchorwa na huku tunaacha ya kweli katika kumbukumbu ya simu, mtoto atatuelewa namna gani? Tunaomba kila mzazi afute hizo leo, kabla ya kugusa Free Fire.

Juu ya michezo yenyewe, hivi ndivyo tunavyoona. Kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi, tunasema hapana kwa kila mchezo wa kupiga watu risasi, na hapa hatutafuti njia ya katikati. Aachiwe mpira, magari, mafumbo, herufi. Toa mchezo ule katika simu, ukimwambia sababu kwa maneno yake, wala usimpige kwa kitu ulichokiruhusu mwenyewe jana. Kuanzia miaka kumi hadi kumi na minne, mzazi akae naye akiucheza angalau mara moja, auone kwa macho yake, kisha aamue. Baba wengi wanakataza au kuruhusu kitu ambacho hawajakitazama hata dakika tano. Sauti za wageni zifungwe. Kijana mkubwa zaidi anahitaji mazungumzo kuliko amri, na saa inayojulikana ya kuzima. Lakini mtoto aliyeona mauaji, au aliyetoka katika kundi lenye silaha, hata akiwa na miaka 16, asiachiwe michezo hii kwa sababu tu wenzake wanayo. Mlio ule kwake si mchezo. Zungumzeni kwanza na wale wanaomsindikiza.

Linabaki swali la mama wa sokoni, na hilo hatuwezi kulirudisha kwake. Parokia nyingi zetu zina kiwanja chenye ukuta na lango, na kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi kimefungwa kwa kufuli, kwa kuogopa maua yasikanyagwe. Baraza la wazee wa parokia yetu lilijadili jambo hili kwa saa mbili, na si wote walifurahi. Mwishowe lilikubali kufungua lango siku tatu kwa juma, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, hadi shule zirudi mwezi wa tisa. Wafundishaji wawili wa shule ya Jumapili na mama mmoja wa umoja wa akina mama wanakaa pale kwa zamu. Siku ya kwanza walifika watoto kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuja na simu mfukoni. Mpira mmoja upo. Wa pili, pamoja na kamba ya kuruka ya wasichana, tunautafuta bado.