Mgongo Ukiumia Kazini, Sema Siku Hiyo Hiyo



Mimi ni bwana shamba. Kila mwezi nakueleza habari za mbegu, mbolea na wadudu. Mwezi huu nitaeleza habari za mgongo. Mkulima asiye na mgongo mzima ni kama jembe lisilo na mpini.

Baada ya mavuno vijana wetu wengi huenda kufanya kazi ya kuajiriwa. Wengine hupakia magunia katika maghala. Wengine hukata mkonge katika mashamba makubwa. Huko huinua mizigo mizito. Gunia la mahindi ni kilo 100. Lumbesa huzidi hapo, ingawa sheria ya vipimo inaikataza. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mmoja asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Basi gunia moja ni karibu mzigo wa watu wawili.

Jirani yangu mmoja alikuwa mpakiaji. Siku moja aliteleza juu ya ubao, gunia likiwa begani. Alisikia mgongo ukilia "kwa!" Hakuanguka wala hakutoka damu. Aliona haya kusema, akamaliza kazi, akarudi nyumbani. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto. Siku ya tatu hakuweza kuinuka kitandani.

Nilikwenda kumtazama. Nikamwambia, "Pumzika, ndugu yangu, utapona." Kosa hilo ni langu, nami nalikiri hapa.

Miezi 14 ikapita. Aliuza mbuzi wake, kisha akakodisha nusu ya shamba. Ndipo tulipokwenda ghalani kudai. Msimamizi akasema, "Hatuna habari ya ajali yoyote. Mgongo huo ameuumiza kwa jembe lake mwenyewe." Hatukuwa na la kujibu. Shahidi alikuwa amehama. Kadi ya zahanati ilisema "maumivu ya mgongo" tu. Haikusema yalianzia wapi. Na muda wa kudai ulikuwa umekwisha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni hivyo hivyo.

SHERIA INASEMA NINI?

Fidia ni malipo ya mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia Mfuko huo ni mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi kwa ajili hiyo.

Mfanyakazi aliyeumia kazini anapata matibabu. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, analipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30, anapata pensheni ya kila mwezi. Usipozidi hapo, analipwa kwa mkupuo.

Lakini kumbuka: sheria hii ni ya mtu aliyeajiriwa. Ukiumia katika shamba lako mwenyewe, Mfuko haulipi.

KWA NINI MGONGO UNALETA UGOMVI?

Kidole kilichokatika kila mtu anakiona. Mgongo hauonekani. Picha ya eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi vizuri misuli, wala vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Kwa hiyo picha inaweza kuwa safi, na mtu akawa anaumwa kweli. Tena sisi wakulima tunainama kila siku. Ni rahisi mwajiri kusema, "Umekuja na ugonjwa wako." Jibu la maneno hayo ni maandishi.

FANYA HIVI:

1. Mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, hata kama maumivu ni madogo. Omba ajali iandikwe katika daftari la kazi.

2. Andika wewe mwenyewe tarehe, saa, mahali, na mzigo uliokuwa unainua. Sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia kalamu yako.

3. Andika majina ya wenzako walioona.

4. Nenda hospitali upesi. Mweleze daktari ulivyoumia, umwombe aandike kwamba uliumia kazini. Tunza kadi zote.

5. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba. Asipotoa, peleka taarifa wewe mwenyewe, au umwone Afisa Kazi. Usingoje. Miezi 12 ikipita bila taarifa, haki yako inaweza kupotea.

6. Dai likikataliwa, usigombane. Omba uamuzi kwa maandishi. Sheria inakupa nafasi ya kulalamika kwa Waziri anayehusika na kazi, na baadaye kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Mwaka uliofuata kijana mwingine wa kijiji chetu aliumia katika ghala lile lile. Alisema saa ile ile. Mwenzake aliyeshika upande wa pili wa gunia akakubali kuwa shahidi. Msimamizi akatoa maneno yale yale ya jembe. Kijana akafungua daftari lake, akasoma tarehe na saa. Msimamizi akanyamaza. Kijana alitibiwa, akalipwa kwa miezi mitatu aliyokaa nyumbani. Leo analima.

Jirani yangu hutembea kwa fimbo. Ni yeye aliyeniambia, "Bwana shamba, andika habari hii gazetini, wengine wasome."

Tena, kinga ni bora kuliko fidia. Unapoinua mzigo, kunja magoti, usikunje mgongo. Mzigo uwe karibu na kifua. Usijipinde ukiwa nao, geuza miguu. Mzigo mzito ubebwe na watu wawili. Lumbesa ikatae.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARASA LENU:

1. Kwa nini jirani yule alikosa fidia?

2. Ni nani katika kijiji chenu anafanya kazi ya kuinua mizigo? Je, anaijua sheria hii?

3. Ukiumia kazini leo, utaandika nini katika daftari lako?