Mtoto wa ndoa ya makanisa mawili abatizwe lini?

Kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni kama kilomita 60 za lami, na vijana wa miji hiyo miwili wanaoana kila mwaka. Binti anatoka nyumba ya KKKT Njombe: alibatizwa akiwa na miezi michache, akapata kipaimara, akaimba kwaya. Kijana ni wa Makambako, mji wa njia panda wenye stesheni ya TAZARA na makanisa ya kila aina. Yeye alizamishwa kwenye maji mengi akiwa kijana mkubwa, na siku hiyo anaikumbuka vizuri. Harusi hupita salama. Maneno huanza mtoto akifikisha miezi mitatu.

Bibi wa Njombe anapiga simu kuuliza mjukuu wake ataachwa hivyohivyo mpaka lini, maana mtoto akiugua usiku itakuwaje? Mchungaji wa baba mtoto anasema mtoto awekwe wakfu tu, abatizwe akijitambua, asije akakua akidhani ameshaokoka kwa sababu ya maji asiyoyakumbuka. Na kila upande humalizia kwa neno lilelile: kanisa la kwanza lilifanya kama sisi.

Neno hilo ndilo linaloumiza nyumba, kwa sababu linamfanya mwenzako aonekane Mkristo wa bandia. Tena halisimami kwa upande wowote.

Kwenye Matendo ya Mitume, watu kama towashi wa Ethiopia na Sauli ni watu wazima walioamini kwanza, ndipo wakabatizwa. Lakini zimo pia nyumba nzima: ya Lidia, ya mlinzi wa gereza kule Filipi. Je, nyumba hizo zilikuwa na watoto wachanga? Maandiko hayasemi, na mhubiri anayejibu kwa uhakika anaongeza cha kwake.

Nje ya Biblia kuna kitabu kidogo cha Didake, yaani Mafundisho, ambacho wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Kinataka maji yanayotiririka. Yasipopatikana, maji mengine. Ya baridi yakishindikana, ya moto (mtu wa Njombe mwezi wa Julai ataelewa). Na yote yakikosekana, maji yamiminwe kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Hapo bibi anashangilia. Ila kitabu hichohicho kinamtaka anayebatizwa afunge siku moja au mbili kabla, na mtoto wa kunyonya hafungi. Hapo baba mtoto naye anashangilia.

Karibu mwaka 200, huko Carthage, Tunisia ya leo, Tertullian aliandika kwamba watoto wadogo wangojewe mpaka waweze kumjua Kristo. Hoja yake moja ingeeleweka kwenye kikao chochote cha ukoo: wasimamizi wanaweza kufa kabla ya kutimiza walichoahidi, au mtoto akakua na tabia mbaya wakaaibika. Lakini mtu hakatazi jambo lisilofanyika. Kama alikuwa anashauri wangoje, basi walikuwepo waliokuwa hawangoji. Muda si mrefu baadaye Origen, mzaliwa wa Alexandria, Misri, aliandika kwamba kubatiza watoto ni desturi ambayo kanisa liliipokea kwa mitume. Na karibu mwaka 253 Cyprian, askofu wa Carthage hiyohiyo, pamoja na maaskofu wenzake, walimjibu mwenzao aliyetaka mtoto angojewe mpaka siku ya nane: hata hizo siku nane si lazima.

Mji mmoja, miaka hamsini na kitu, majibu mawili. Tena wote hao ni Waafrika wa kaskazini.

Anayewachanganya zaidi watu ni Mtakatifu Augustino. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo, na mama yake Monika alikuwa Mkristo wa kusali kwa machozi. Hata hivyo hakubatizwa utotoni. Alipougua sana akiwa mdogo maandalizi yalianza, akapona, jambo likaahirishwa. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387 mjini Milan akiwa na miaka 32, pamoja na mwanawe Adeodatus, kijana wa miaka kama 15. Ni Augustino huyohuyo ambaye baadaye mafundisho yake juu ya dhambi ya asili yalilipa kanisa la Magharibi sababu kubwa ya kuharakisha ubatizo wa watoto. Desturi ilitangulia, maelezo yakaja nyuma, na maelezo ndiyo yaliyogeuka kuwa mpaka wa dhehebu.

Mpaka huo uliwahi kumwaga damu. Mwaka 1525, huko Zürich, Uswisi, kikundi cha waumini kilibatizana upya utu uzima. Mwaka 1527 mmoja wao, Felix Manz, aliuawa kwa kuzamishwa mtoni kwa amri ya baraza la mji. Walutheri katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 walitetea ubatizo wa watoto na kuwalaani waliourudia. Leo ugomvi wa Njombe na Makambako unaishia kwenye kununiana, nayo si haba.

Na bibi akitazama nyuma kwenye ukoo wake ataikuta historia yote hiyo kwa ufupi. Wamisionari wa Berlin walipofika Ubena mwishoni mwa karne ya 19 na kufungua vituo kama Kidugala, Wakristo wa kwanza walikuwa watu wazima, waliofundishwa kwanza ndipo wakabatizwa. Watoto wao ndio waliobatizwa mikononi mwa mama zao. Imani ya bibi ya kubatiza wachanga ilianza na babu aliyebatizwa mkubwa.

Jambo moja halina utetezi: kumchukua mtoto kimyakimya Jumapili wakati baba yuko safarini, akabatizwe arudishwe. Katika maelezo ya zamani ya ibada, mtoto asiyeweza kusema alisemewa na wazazi wake au mtu wa jamaa yake. Sheria ya Kanisa Katoliki nayo inataka angalau mzazi mmoja akubali, isipokuwa mtoto akiwa katika hatari ya kufa. Ubatizo wa kuiba haumtendei haki mtoto wala ndoa ya wazazi wake.

Na mama akiombwa abatizwe tena ili amfuate mumewe? Hili nalo ni la zamani. Cyprian aligombana na Stefano, askofu wa Roma, karibu mwaka 256 juu ya kuwabatiza upya waliobatizwa na makundi yaliyojitenga. Katoliki, Lutheri na Anglikana hawarudii ubatizo wa mwenzao. Wapentekoste na Wasabato wengi hawauhesabu ule wa utotoni. Mume asimwambie mkewe kwamba ni kuongeza baraka tu. Kwa mama mkwe huko Njombe, maana yake ni kwamba siku ile alipombeba binti yake mpaka madhabahuni hakukufanyika kitu. Mke akiamua kukubali, aamue mwenyewe, na mama yake aambiwe na binti kabla hajaipata habari hiyo sokoni.

Maongezi haya yana wakati wake mzuri, nao ni kabla ya mahari kukamilika. Yakishapita hapo, wazazi wakae wenyewe kwanza, bila mchungaji na bila bibi, wajibu swali ambalo Tertullian na Cyprian wote wangeliuliza: baada ya siku hiyo, nani hasa atakayemfundisha huyu mtoto kusali, na kwa siku zipi?