Msaada Ufuate Mpango wa Taifa

Tarehe 1 Julai, 2025, Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lililoundwa mwaka 1961, lilifikia mwisho wake, na shughuli zilizosalia zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Safari ya kufikia mwisho huo ilianza kwa amri ya tarehe 20 Januari mwaka huohuo, iliyosimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mwezi Februari Uingereza nayo ikatangaza kwamba ifikapo mwaka 2027 msaada wake utashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hilo hadi asilimia 0.3. Lengo lililowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1970 kwa nchi tajiri ni asilimia 0.7.

Kila nchi ina haki ya kuamua juu ya fedha za walipa kodi wake, na kulalamika hakutabadili uamuzi wa Washington wala wa London. Swali linalowahusu wananchi wa nchi maskini ni jingine. Imekuwaje dawa ya mgonjwa aliye kijijini, au kitabu cha mtoto wa darasa la tatu, ingojee saini ya mtu aliye ng'ambo ya bahari ambaye hajulikani kwa mgonjwa huyo wala kwa mtoto huyo? Wahenga walikwisha kuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hata hivyo, kwa miaka mingi mipango ya kupambana na umaskini katika Afrika imekuwa ikiandikwa kuufuata msaada ulikoelekea, ilhali msaada ndio uliopaswa kuufuata mpango.

Tanzania ilionywa mapema. Desemba 1965 ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya suala la Rhodesia, na kwa uamuzi huo mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaeleza bila kificho kwamba fedha haziwezi kuwa msingi wa maendeleo ya nchi isiyokuwa nazo, na kwamba fedha za wageni huweza kuudhoofisha uhuru wa kuamua. Azimio halikukataa msaada. Lilichokataa ni kuufanya msaada kuwa nguzo ya nyumba.

Tofauti hiyo ilionekana katika ujenzi wa Reli ya Uhuru. Wataalamu wa nchi za Magharibi na wa Benki ya Dunia walisema reli hiyo haitalipa. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikuwa wamekwisha kuamua kwamba Zambia haina budi kupata njia ya kwenda baharini isiyopita katika mikono ya walowezi wa kusini, ndipo wakamtafuta wa kuwasaidia. China ikatoa mkopo usio na riba, na kati ya mwaka 1970 na 1975 reli yenye urefu wa kilometa 1,860 ikatandikwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Shida zilizoikumba reli hiyo baadaye, za vichwa vya treni na matengenezo, ni somo jingine ambalo makala haya yatalirudia. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba mpango ule ulikuwa wa mgeni.

Mfano ulio karibu zaidi na walimu na watumishi wa Serikali ni ule wa elimu ya msingi. Mwaka 1974 Chama, kilipokutana Musoma, kiliazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe darasani. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na ya redio, na wananchi wakafyatua matofali na kujenga madarasa. Misaada ilikuwapo, hasa kutoka Sweden, lakini ilikuta kazi imekwisha kuanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizokuwa karibu kabisa kuwafikisha watoto wote shuleni.

Kisha mambo yakageuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vikapiganwa mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ikapanda. Ni lazima pia ikiriwe kwamba mashirika mengi ya umma yalikuwa yakila fedha kuliko yalivyozalisha, na mkulima alilipwa bei isiyomvutia kulima. Majadiliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalivunjika mwaka 1979, na mwaka 1986 mkataba ukatiwa saini. Katika miaka hiyo ya dhiki wazazi walianza tena kudaiwa ada ya shule ya msingi, na katika miaka ya 1990 sera ya kuchangia gharama ikaenea katika elimu na afya. Matokeo yake yanajulikana kwa kila mwalimu aliyekuwa kazini wakati huo. Mwaka 2000 ni takriban asilimia 59 tu ya watoto wenye umri wa shule ya msingi waliokuwa wameandikishwa. Kazi ya Musoma ilikuwa imerudi nyuma.

Mwaka 2001 ada ikafutwa. Mwezi Novemba mwaka huo nchi ikakamilisha masharti ya mpango wa nafuu kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, na nafuu ya takriban dola bilioni 3 za Marekani katika kipindi cha miaka mingi ikakubaliwa. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 8.3 mwaka 2007, na uandikishaji ukafikia asilimia 97. Hapana shaka nafuu hiyo ilisaidia. Lakini inafaa kukumbuka kwamba fedha zilizofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa zilikuwa za Watanzania wenyewe, ambazo zingekwenda kulipa madeni.

Majirani nao wana ushahidi. Malawi ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1994 na Kenya mwaka 2003. Uganda ilianza mwaka 1997, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Mwaka huohuo wa 1997 Uganda iliandika mpango wake yenyewe wa kuondoa umaskini, na mwaka 1998 ikawa nchi ya kwanza kupata nafuu chini ya mpango ule wa madeni. Huko mpango ulitangulia. Kwa nchi nyingine nyingi, mkakati wa kupunguza umaskini uliandikwa kwa sababu ulikuwa sharti, na haukuhesabiwa kuwa halali mpaka ulipopelekwa mbele ya bodi za Benki ya Dunia na Shirika la Fedha. Mkakati unaoandikwa ili usomwe na mgeni hutumia lugha ya mgeni na vipimo vya mgeni, na mwananchi aliyetajwa ndani yake kila ukurasa huwa wa mwisho kuuona.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Msaada hupenda kujenga, kwa sababu jengo hupigwa picha na kuwekwa jiwe la msingi. Mshahara wa mwalimu, chaki, mafuta ya gari la wagonjwa na vipuri vya pampu ya maji havina sherehe, navyo hudaiwa kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Ruzuku ya shule iliyopangwa baada ya ada kufutwa ilikuwa dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, lakini mara nyingi shule zilipokea pungufu. Madarasa yaliongezeka kwa kasi kuliko walimu na vitabu, na wimbi hilo lilipofika sekondari, mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 ulitoa hukumu yake: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri kabla ya matokeo kupangwa upya. Mtoto alikuwa amepewa kiti, hakupewa elimu aliyoahidiwa.

Isidhaniwe kwamba kila mara wafadhili waliposita walikuwa wakionea. Mwaka 1994 walisimamisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi na ukusanyaji mbovu wa mapato, na malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Nchi ilijibu kwa kuanzisha Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi Julai 1996. Mwaka 2014 walizuia fedha za bajeti kwa ajili ya sakata la akaunti ya Escrow, ambalo Bunge lenyewe lililijadili kwa hasira. Fundisho ni kwamba kodi isiyokusanywa na fedha ya umma iliyopotea huhesabiwa mara mbili: mara ya kwanza katika hazina, na mara ya pili pale mgeni anapopata sababu ya kuiambia nchi la kufanya.

Watumishi wa Serikali nao hawana budi kujitazama. Ni siri ya wazi kwamba ofisini mradi wenye gari jipya na posho za semina hupata maofisa hodari, na kazi ya kawaida ya wizara ikabaki mezani. Kila mfadhili ana fomu yake, mwaka wake wa hesabu na ujumbe wake wa ukaguzi, kiasi kwamba ilibidi Serikali iwaombe wafadhili waache kuleta ujumbe katika miezi ya kuandaa bajeti ili maofisa wapate nafasi ya kufanya kazi ya nchi yao.

Kwa hiyo yapo mambo matatu yasiyongoja fedha wala mtu wa nje. Kwanza, pasitiwe saini mkataba wowote wa msaada usioonyesha nani atalipa mishahara, mafuta na vipuri mradi utakapokwisha, na kiasi hicho kiingizwe katika makadirio ya Serikali tangu mwaka wa kwanza. Pili, huduma ambazo kusimama kwake ni kifo au ujinga, yaani dawa za lazima, chanjo, mishahara ya walimu na vitabu, zihamishiwe hatua kwa hatua katika mapato ya ndani, hata kama itabidi semina na safari zipunguzwe. Tatu, kila kamati ya shule ibandike kwenye mbao za matangazo kiasi cha ruzuku kilichopokewa na matumizi yake, ili mzazi asiyejua kusoma asomewe na mwanawe.

Mwaka 2012 Watanzania walioishi chini ya kiwango cha mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 28.2, mwaka 2018 walikuwa asilimia 26.4. Mwendo huo ni wa polepole mno, na idadi ya watu inaongezeka. Rafiki wa kweli atakayekuja na mkono wa msaada apokewe kwa heshima, akute shamba limekwisha kulimwa na mwenye shamba anajua anapanda nini. Siku atakapoondoka, kwa hiari yake au kwa matatizo ya kwao, mwalimu aendelee kulipwa na kengele ya shule ipigwe asubuhi inayofuata.