Kimya cha Mtoto Si Adabu



Leo nataka tuzungumze kuhusu mtoto mdogo ambaye hasemi. Vijana wengi wa rika letu sasa ni wazazi, na jambo hili tunalificha kama aibu.

Mwanangu alifika miaka miwili akiwa na maneno manne. Mamake aliona mapema. Aliniambia, "Huyu mtoto simuelewi, hata nikimwita mara nyingine hageuki." Mimi nikamjibu, "Wacha wasiwasi, atasema tu. Hata mimi nilichelewa." Nyanyake akasema mtoto ni mpole, ana adabu, hasumbui wageni. Jirani akasema wavulana huchelewa. Mwengine akashauri akatwe uzi wa chini ya ulimi. Tulipoenda kliniki tukaambiwa tusubiri mpaka afike miaka mitatu. Na chini kwa chini kuna waliosema kosa ni la mamake, ati anashinda kwa simu hazungumzi na mtoto. Wallahi aliyekuwa akishinda kwa simu ni mimi.

Tukasubiri miezi saba. Halafu siku moja nimekaa barazani, nikasikia watoto wa mtaa wakimwita "bubu". Yeye anacheka nao, manake hajui anaitwa nini. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamwambia mke wangu tutoke.

Daktari wa safari hii hakuanza na ulimi. Alianza na masikio. Akakuta maji yamekaa nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, na mafua yale ya kila mara yalikuwa na mkono wake. Mtoto alikuwa anatusikia kama mtu aliyezamisha kichwa ndani ya maji. Kumbe miezi yote ile tulikuwa tunamwita mkaidi, na yeye hatusikii vizuri.

Msimamo wangu basi ni huu: neno "atasema tu" tuliache. Sisemi ni uongo. Ni kweli wako watoto wengi wanaochelewa, kisha wakafika wenyewe. Lakini wako wengine ambao masikio yana shida, au wana usonji, au wanahitaji msaada wa mtaalamu. Wewe ukiwa sebuleni kwako huwezi kujua wako ni yupi. Kumpeleka akapimwa kisha uambiwe yuko sawa, umepoteza asubuhi moja. Kusubiri kisha ukute kulikuwa na tatizo, umempotezea mtoto miaka ambayo ubongo wake hushika lugha kwa wepesi zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Utajuaje ni wakati wa kwenda? Akifika mwaka mmoja, angalia kama anaonyesha vitu kwa kidole au anapunga mkono, na kama anageuka akiitwa. Mwaka mmoja na nusu awe na maneno kadhaa. Miaka miwili aweze kuunganisha mawili, kama "mama njoo" au "nataka maji", na awe na maneno kama hamsini. Kile kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji, si cha chanjo na uzani peke yake. Ufungue. Na mtoto aliyekuwa anasema kisha akaacha, huyo asingoje hata wiki.

Wavulana wanaweza kuchelewa kidogo, lakini si kwa miaka. Lugha mbili nyumbani hazimfanyi mtoto achelewe. Kama nyanya anamsemesha Kisomali na wewe Kiswahili, endeleeni, na mkihesabu maneno yake mhesabu ya lugha zote. Uzi wa ulimi unaweza kutatiza kunyonya, lakini mara nyingi si sababu ya mtoto kukosa maneno. Usimpeleke kukatwa kabla hajaonwa na daktari na kupimwa masikio.

Sasa simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Katuni inasema na mtoto, lakini haimngojei ajibu. Mzazi ndiye anayengoja. Tulifundishwa mambo madogo ambayo hayataki pesa: kaa chini macho yenu yalingane, taja unachokifanya, kisha nyamaza uhesabu mpaka tano umpe nafasi. Akisema "maji", wewe sema "maji baridi". Usimnyime kitu mpaka atamke, na usimcheke. Na akina baba, hii kazi ni yetu pia.

Dua tuombe, bila shaka. Lakini tukumbuke Nabii Musa (a.s.) aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na papo hapo akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Kutafuta msaada si upungufu wa imani.

Na msaada tunaweza kuudai. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo jambo hili ni la gavana na la MCA wako. Wataalamu wa matamshi ni wachache sana Kenya, na wengi wako Nairobi. Kwengine mzazi huishia kliniki ya kibinafsi, ambapo kikao kimoja kinakula mapato yangu ya siku mbili. Kikao cha maoni ya bajeti kikiitwa, twende tuulize: hospitali yetu ina wangapi? Mashine ya kupima masikio iko, na inafanya kazi? Pia viko vituo vya EARC vya Wizara ya Elimu, vilivyoanza 1984, kazi yake ni kuwapima watoto wenye mahitaji maalum na kushauri kuhusu masomo yao. Uliza ofisi ya elimu ya eneo lako kilipo.

Mwanangu sasa yuko karibu miaka mitatu na nusu. Masikio yametibiwa, na bado tunaenda kwa mtaalamu. Hajawafikia wenzake. Lakini juzi nilichelewa kurudi, akanifungulia mlango akaniambia, "Baba wapi wewe?" Sikuwa na jibu.

Kama unaye mdogo nyumbani, mwite leo akiwa amekupa mgongo. Asipogeuka, kesho mpeleke.