Gogo Si Breki

Ndugu wafanyakazi, katika mashamba ya chai ya milimani kuna kazi isiyoandikwa katika mkataba wowote. Ni kazi ya utingo kuruka kabla lori halijatulia na kusukuma gogo chini ya gurudumu, kwa kuwa breki ya mkono haishiki. Siku lori likiserereka na kumjeruhi mchumaji, dereva hulaumiwa. Sisi tunakataa.

Gogo liwekwe, hata breki ikiwa nzima. Lakini tusidanganywe kwamba "upepo umepungua tu." Katika malori ya breki za upepo, breki ya kuegeshea hukazwa na springi nzito, upepo kazi yake ni kuifungua. Upepo ukiisha, springi hukaza zaidi. Kama lori bado linateleza, basi lainingi zimekwisha au zimelowa mafuta, breki haijakazwa sawasawa, au springi imevunjika. Hiyo ni kazi ya fundi, na spea ni za mwajiri. Utingo asipewe spana kufungua chemba ya springi, ikifyatuka huua.

Dereva aandike ubovu huo, tarehe na saini, abaki na nakala. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi akishatoa taarifa ya hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hawezi kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Meneja akilalamika kwamba majani mabichi yataharibika, atafute lori jingine.