Pima kwanza, ndipo uhame

Nilipopandisha kifurushi cha intaneti kutoka Mbps 10 hadi 40, video za masomo ya wanangu bado zilikwama kila jioni, nikaapa kuhama kampuni. Fundi alikuja, akaikuta ruta nyuma ya kabati la vyombo. Akachomeka kompyuta kwa waya, akapima kasi: Mbps 38. Laini ilikuwa nzima; tatizo lilikuwa mahali pa ruta. Tuliisogeza ruta sebuleni, nikabaki na kampuni ile ile. Lakini jirani yangu hapa Kisauni, faiba yake hukatika kila inyeshapo mvua, na akipiga simu hapokelewi. Huyo ahame tu. Ndugu wasomaji, pimeni kwa waya saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni, na ulizeni majirani wa jengo lenu kabla ya kuamua.