Tubainishe kabla ya kutuma



Wazee wetu wa Mwanga na Ujiji wanakumbuka namna fedha zilivyokuwa zikisafiri kabla ya simu za mkononi. Kijana aliyefanya kazi Dar es Salaam akitaka kumtumia mama yake matumizi, alizitia fedha katika bahasha, akaenda stesheni kumtafuta mtu wa Kigoma anayepanda treni, mtu anayejulikana kwake na kwao, akamkabidhi. Bahasha ilikaa njiani siku mbili, tatu, au zaidi, lakini aliyeipokea alijua imepita mikononi mwa nani. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza hapa nchini na mitandao mingine ikafuata, safari ile imekuwa ya sekunde chache. Hii ni neema, na sisi hatumo miongoni mwa wanaoibeza. Lakini bahasha ilipoondoka, uliondoka pia uso wa mchukuzi, na nafasi hiyo iliyobaki wazi ndiyo waliyoingilia matapeli.

Tunaandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika jamaa yetu wenyewe. Mama mmoja, mzazi wa wanafunzi wetu wawili wa madrasa na muuza dagaa katika soko la Mwanga, alipigiwa simu saa nne asubuhi huku wateja wakiwa wamemzunguka. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni mwalimu wa shule ya bweni anakosoma binti yake mkubwa. Alimtaja mtoto kwa jina. Akasema ameanguka bafuni, hajitambui, yupo hospitali, na daktari anasubiri shilingi 180,000 za vipimo. Nyuma ya sauti yake alisikika msichana akilia. Mama yule alichukua fedha zote alizokusanya kwa ajili ya kununua mzigo Kibirizi, akakimbia kwa wakala, akaziweka kwenye simu yake na kuzituma. Jina lililotokea kabla hajaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke asiyemfahamu, ilhali aliyepiga ni mwanamume. Aliliona, akalipita. Jioni alipompata matroni aliambiwa kuwa binti yake alikuwa darasani siku nzima.

Hatusimulii haya ili mama yule alaumiwe. Mzazi gani angesikia kilio kile akaanza kuuliza maswali? Kinachotuhuzunisha zaidi ni kwamba alikaa wiki tatu bila kumwambia mtu yeyote, hata mumewe, kwa kuona aibu. Ndani ya wiki hizo mzazi mwingine wa shule ile ile, naye ni wa msikiti wetu, alipigiwa simu kama ile na akatuma. Laiti wa kwanza angesema, wa pili angesalimika. Aibu hii tumeijenga sisi, tunaocheka tunaposikia kuwa fulani katapeliwa.

Ndugu Waislamu, tapeli huyu hakuvunja mtambo wowote. Aliazima huruma ya mama na haraka yake. Tukizitazama hila nyingine tutaona asili yake ni hiyo hiyo. Ule ujumbe maarufu usemao ile pesa itume kwenye namba hii, hutumwa kwa watu wengi mno na mtu asiyemjua hata mmoja wao. Yeye anamngojea yule ambaye siku hiyo kweli anadaiwa kodi ya nyumba na ana haraka ya kulipa. Anayesema amekosea kutuma fedha hutanguliza ujumbe bandia wa kupokea, kisha anakuomba kwa jina la Mungu umrudishie. Mwingine hujifanya ni mtu wa huduma kwa wateja, akataka namba yako ya siri, au akakuelekeza ubonyeze alama na tarakimu ambazo hujui zinafanya nini. Kwa mchamungu huja kwa jina la Mungu, kwa mwenye shida huja na zawadi.

Tumewahi kuwasikia baadhi ya waumini wakisema kuwa kumhoji mtu aliye katika dharura ni kumdhania vibaya ndugu yako. Hapa pana kuchanganya mambo mawili. Dhana mbaya ni kuhukumu bila ya ushahidi. Kubainisha ni kuutafuta ushahidi kabla ya kuhukumu, na ndiko tulikoamrishwa katika aya ya sita ya Surat al-Hujuraat, pale inapotujia habari kutoka kwa mtu asiyeaminika. Mtume (SAW) mwenyewe alipopita sokoni na kuliona lundo la chakula, hakutosheka na ukavu wa juu. Aliingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Hakumtuhumu muuzaji kwa dhana, wala hakulisifu lundo kwa sura yake.

Basi kuingiza mkono ndani katika zama za simu ni kufanya nini? Ukipigiwa kwa dharura, kata simu, kisha mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyokupigia. Ukiambiwa zimeingia fedha kwa makosa, usiutegemee ujumbe; fungua menyu mwenyewe utazame salio. Ikiwa kweli zimeingia si zako, lakini usizirudishe kwa namba utakayoelekezwa. Wewe piga 100 kwa mtandao wako, naye aliyekosea apitie kwa mtandao wake. Jina lisilolingana na unayemkusudia linatosha kukusimamisha. Namba ya siri haipewi mtu, na hapa tunawasihi hasa wazee wetu ambao humkabidhi wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, dirishani, watu wakiwa kwenye foleni. Na aliyekwisha kutapeliwa asipoteze muda kwa kujilaumu: apige simu kwa mtandao wake papo hapo, kwani fedha ambazo hazijatolewa huenda zikazuiwa, auhifadhi ujumbe wa muamala kwa ajili ya polisi, na ujumbe wa tapeli autume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Upo upande wa pili ambao ni mzito zaidi kuusema. Katika taarifa za robo mwaka za TCRA, mikoa ya Rukwa na Morogoro imetajwa mara kwa mara kuongoza kwa majaribio ya utapeli wa namna hii. Rukwa ni jirani zetu wa ziwa moja, na hatuwataji ili tuwanyooshee kidole huku sisi tukijiona safi. Baada ya tarehe 20 Januari, 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Maana yake ni kwamba laini ya tapeli nayo ina jina la mtu. Ni la nani? Mara nyingi ni la bibi aliyeambiwa na muuza laini kuwa kidole hakijasoma, aweke tena, na kumbe imesajiliwa laini ya pili. Kila muumini na apige *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa, na asiyoitambua akaifute.

Mara nyingine jina hilo ni la kijana aliyeuza laini yake kwa shilingi elfu chache, akijua au akijitia kutojua inakokwenda. Wapo wanaojitetea kuwa hawajamwibia mtu, kwani ametuma mwenyewe kwa mkono wake. Wanafunzi wa fiqhi wanalijua jibu: ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu si ridhaa, na mali iliyochukuliwa kwayo ni ya mwenyewe mpaka irudishwe. Mbali na hisabu ya Akhera, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliyouweka udanganyifu huu katika makosa ya jinai.

Nasi viongozi na walimu hatuna budi kujitazama. Ni mara ngapi tumesambaza katika makundi ya WhatsApp namba ya mtu binafsi, leo ya mweka hazina, kesho ya msaidizi wake, tukawahimiza waumini watume mchango wa mgonjwa au wa ukarabati wa choo? Tumewazoesha kutuma bila ya kuuliza, halafu tunashangaa wanapotuma kwa asiyestahiki. Rai yetu ni kwamba kila msikiti uwe na namba moja iliyosajiliwa kwa jina la msikiti, ibandikwe ukutani, na ikibadilishwa itangazwe mimbarini tu.

Mama yule sasa anauza nyanya kwa mafungu, kwa kuwa hana mtaji wa dagaa. Mchango wa kumrudishia shilingi 180,000 utapokewa na mweka hazina mlangoni, baada ya swala ya Ijumaa, mkono kwa mkono. Hakuna namba ya simu iliyotolewa kwa ajili ya mchango huu, na atakayeletewa ujumbe wenye namba hiyo asitume.